Nani aliwapa ruhusa ya kuandika ndani ya .bashrc yangu?

Wadau, nimechoka na leo nasema. Kwa nini kila zana unayoisakinisha yaingia kwenye .bashrc yako (faili ya mipangilio ya bash, programu inayopokea amri unazoandika kwenye terminali) na kuandika itakavyo, bila hodi?

Mimi faili zangu za mipangilio (.bashrc, .vimrc, .gitconfig, .tmux.conf) naziweka kwenye folda moja ya Git, programu inayotunza kumbukumbu ya kila badiliko, halafu zana iitwayo GNU Stow yanitengenezea viungo (symlink, yaani faili zinazoelekeza tu kwenye faili halisi) kutoka folda yangu kuu (home) hadi kule. Nikibadilisha kitu kwenye laptopu nyumbani Tudor, nikifika kazini Nyali navuta mabadiliko na terminali ni ile ile. Seva hali kadhalika. Kila mstari mle ndani naujua, na najua uko pale kwa nini.

Sasa yaja zana ya kusimamia matoleo ya lugha za programu, kwa ile njia yao ya curl kupakua skripti na kuimwaga moja kwa moja kwenye bash iiendeshe. Haikuuliza neno. Ikaongeza mistari yake chini ya .bashrc, na kwa kuwa .bashrc ni kiungo, mistari ikaangukia ndani ya folda ya Git. Tena ikatanguliza folda yake mbele ya PATH yote (orodha ya folda ambamo bash hutafuta programu, ya kwanza ikishinda), ndiyo python ninayoiita si ile niliyoichagua.

Hiyo nilivumilia. Iliyofuata ndiyo iliyonichemsha. Kisakinishi chake kilihariri faili kwa `sed -i`, amri ya kubadilisha maandishi ndani ya faili. Sed ya GNU, usipoipa `--follow-symlinks`, haifuati kiungo: yaandika faili mpya na kuiweka pale kiungo kilipokuwa. Kiungo kikafa kimya kimya, hakuna onyo, hakuna kosa lililoandikwa popote. Kuanzia hapo kila nilichorekebisha kilibaki kwenye faili ya peke yake ambayo Git haiioni. Mashine ya Nyali haipati kitu. Nikashuku Stow, nikashuku Git, nikashuku mtandao, kumbe ni mtu fulani aliyeona faili yangu ni ubao wake wa matangazo.

Na mwajua bash ikianzishwa na sshd (programu ya seva inayopokea watu wanaoingia kutoka mbali) kuendesha amri moja husoma .bashrc hata kama hakuna mtu kwenye terminali? Basi zana ikipachika mle salamu yake ya `echo`, amri ya kuchapisha maneno, scp na rsync zinazonakili faili kati ya mashine zaweza kukatika, maana maneno yale yanachanganyika na data. Mifumo ya Debian na Ubuntu huweka kinga mwanzoni mwa faili kwa ajili hiyo: kama hakuna mtu kwenye terminali, yaliyo chini yake hayasomwi. Nimekuta kisakinishi kinachoweka mistari yake kabla ya ile kinga.

Najua mtaniambia niache Stow nihamie chezmoi, zana nyingine ya kusimamia faili za mipangilio. Chezmoi ni nzuri, hunakili faili badala ya kuunganisha, na `chezmoi diff` itanionyesha kilichoongezwa. Lakini mbona mimi ndiye nikeshe nikilinda faili yangu, na aliyeingia haulizwi?

Kinachoniuma zaidi ni wanaoanza. Vijana ninaowaelekeza hapa wana laptopu za mitumba. Kila zana iliyojiandika kwenye .bashrc hupakiwa kila unapofungua terminali, na zikiwa kadhaa unangoja mpaka unachoka. Kijana aambiwa mashine imezeeka, atafute nyingine. Pesa atoe wapi? Mashine ni nzima! Na hata ukiiondoa zana, mistari yake mara nyingi yabaki pale pale, ikiita folda ambayo haipo tena.

Wala msiniambie hakuna njia nyingine. Fish, programu ya amri kama bash, ina folda ya `~/.config/fish/conf.d`, kila zana yaweka faili yake na ukiitoa faili imekwisha. Git ina `[include]`, ya kuingiza mipangilio iliyo kwenye faili nyingine. Homebrew, zana ya kusakinisha programu, ikimaliza kujisakinisha hukuonyesha mistari ya kuongeza, uiweke mwenyewe unapotaka. Hiyo ndiyo heshima, na haikumgharimu mtu chochote.

Humu ndani wapo wanaoandika skripti za kusakinisha kwa ajili ya timu na wateja wao hapa Mombasa. Ndugu zangu, zifungueni leo. Palipo na `>> ~/.bashrc`, inayoongeza mistari mwishoni mwa faili, ondoeni, mchapishe mstari kwenye skrini mtu aamue. Kama ni lazima muandike, ulizeni kwanza, na skripti ya kuondoa ifute kile mlichoandika. Na anayejua zana inayovunja viungo kwa `sed -i`, aitaje hapa chini pamoja na toleo lake, tuwapelekee wenyewe malalamiko.