Kisumu "ya kimataifa" bila ndege ya kwenda nje: tufungue anga au tulinde KQ?

Mzee wa Usoma: Naomba tujadili kwa ustaarabu. Naishi karibu na uwanja wa ndege wa Kisumu, zote zinapita juu ya bati langu. Tangu enzi za Kibaki tunaambiwa uwanja ni wa kimataifa, lakini ndege za abiria ninazozihesabu ni za Nairobi na Mombasa. Ukitaka Kigali, unapelekwa mashariki mpaka JKIA, uwanja mkuu wa Nairobi, unasinzia kwenye kiti cha chuma, kisha unarudishwa magharibi kuvuka ziwa lilelile uliloliacha nyuma. Kwa nini mashirika ya nje yasiruhusiwe kutua hapa moja kwa moja? Ama ni lazima Kenya Airways (KQ) ilindwe milele?

Fahari ya Anga: Mzee, heshima yako, lakini unataka kumnyang'anya mgonjwa uji. KQ ilipata faida ya shilingi bilioni 5.4 mwaka 2024, ya kwanza baada ya miaka 11. Nusu ya kwanza ya 2025 ikarudi kwenye hasara ya zaidi ya bilioni 12, kwa sababu ndege zake kubwa za Dreamliner, tatu kati ya tisa, zilikaa chini zikingoja injini. Ndege kubwa za Nairobi hujazwa na abiria wanaotoka Kisumu, Mombasa, Entebbe. Ukiwatawanya, nani atapanda ya New York? Halafu tuseme ukweli, abiria wa Kisumu ni wa matanga na Krismasi, na mzigo wake ni omena, dagaa wa ziwani.

Mama Kibuye: Omena imekukosea nini wewe? Omena imesomesha watoto wangu wanne. Na ndiyo, nimepanda ndege nayo, imefungwa mifuko mitatu na gazeti juu. Shirika silitaji. Msichana wa kaunta akanifungulisha begi mbele ya foleni nzima, akashika pua. Mbele yangu mtu alikuwa amepita na jibini inayonuka kama soksi, hakuulizwa.

Mulembe Halisi: Mama pole. Sisi wa Kakamega tulishazoea, kuku wetu alianza kuchekwa zamani. Ila kuku wetu angalau hupanda basi mwenyewe, na miguu yake 😂

Fahari ya Anga: Sikutukana mtu. Nilisema mzigo wa Kisumu ni mdogo.

Mama Kibuye: Ulisema omena. Tumesoma sote.

Okada wa Anga: Hiyo KQ mnayolilia si yetu hata, nusu ni ya Wazungu wa KLM.

Karani Mstaafu: Hapana kijana. KLM waliingia na asilimia 26 wakati wa ubinafsishaji, 1996. Madeni yalipopangwa upya 2017 wakabaki na 7.8. Serikali ina 48.9, na benki zilizokuwa zinadai zikageuzwa wenye hisa, 38 na kidogo. Kwa hiyo ikianguka, inaangukia mfuko wako.

Okada wa Anga: Basi mfuko wangu unaomba nauli ishuke. Wiki ya Krismasi nililipa kwenda Nairobi pesa ambayo ingeninunulia mbuzi wawili na kamba zao.

Chepkoilel: Mkitaka ndege za nje njooni Eldoret. Uwanja upo tangu 1997 na ndege za mizigo zinatua.

Fundi wa Mabawa: Zinatua, sawa, lakini zinashusha nguo na simu halafu nyingi huondoka tupu. Kuna jambo wanasiasa hawasemi. Eldoret iko juu, zaidi ya mita 2,100. Hewa nyepesi, bawa linashika kidogo, injini inasukuma kidogo, kwa hiyo ukitaka kuruka safari ndefu na mafuta kamili unapunguza mzigo. Kisumu iko kama mita 1,150, chini hata ya Nairobi, na njia ya kurukia inapita kilomita 3. Kwa fizikia peke yake Kisumu inashinda. Kisichopatikana ni abiria wa kila Jumanne ya Februari, siyo wa tarehe 23 Desemba. Na korongo pia, wale ndege wenye manyoya. Injini haipendi korongo.

Chepkoilel: Umetumwa. Wanariadha wetu wanafanya mazoezi kwenye hewa hiyo hiyo "nyepesi" na wanashinda dunia.

Fundi wa Mabawa: Mwanariadha hana tani 60 za mafuta tumboni, ndugu.

Lanet Juu: Sisi wa Nakuru tunawasoma kimya. Mnatupita juu mkila karanga, sisi tuko kwenye foleni ya malori Salgaa.

Mama Kibuye: Narudi kwa Fahari, huyu wa pua. Unajua mbuta (sangara) ameruka kwenda Ulaya kabla hujazaliwa? Minofu ya ziwa letu inauzwa huko. Ulaya ilipofunga mlango 1997 na tena 1999, fuo nzima zililala njaa. Leo mbuta wa kwetu analazwa kwenye barafu, anapanda lori mpaka Nairobi. Wa Uganda anaruka kutoka Entebbe, palepale ukingoni mwa ziwa. Sasa mzigo wetu ni mdogo au umekatwa njia?

Karani Mstaafu: Mama amejibu swali la mzee kuliko sisi wote. Mizigo kwanza, abiria watafuata.

Fahari ya Anga: Hilo la minofu nakubali. Omena bado.

Mama Kibuye: Mtu ana kiburi mpaka kwa dagaa.

Mzee wa Usoma: Nilikuwa nimeuliza kuhusu mashirika ya nje.

Mulembe Halisi: Mzee, Uganda Airlines ilifufuliwa 2019, labda watakuonea huruma, ni majirani. Sasa hebu tuachie mama. Mama, gorogoro (kopo la kupimia) ya omena inaenda ngapi leo?

Mama Kibuye: Ya Homa Bay au ya Usenge? Zina bei tofauti. Njoo kabla ya saa nne, na uje na mfuko wako.

Fahari ya Anga: Ikifungwa vizuri, inafika Nairobi bila harufu?

Mama Kibuye: 👃🏾