Imeili za muda za kukwepa barua taka: ipi itumike wapi?

Kisimbo:
Habari wakuu. Siku hizi hupakui hata PDF ya kurasa mbili bila kudaiwa imeili, na ukishaitoa matangazo hayakatiki. Wengine wanashauri kubuni anwani yoyote, wengine 10 Minute Mail au Mailinator. Zinatofautianaje, na ipi inafaa kwa akaunti nitakayorudi kuitumia?

Mpitanjia_Kigamboni:
Kubuni anwani kichwani ndiyo mbaya kuliko zote. Jina lolote rahisi kwenye Gmail tayari lina mwenyewe. Risiti, jina lako na linki ya kuthibitisha vinamfikia mtu usiyemjua, naye akibonyeza "nimesahau nenosiri" akaunti inakuwa yake. Kama fomu haidai uthibitisho, andika chochote kisha malizia na @example.com. Domeini hiyo ilitengwa kwa ajili ya mifano tangu 1999 na haiuzwi, kwa hiyo humsumbui mtu.

Bi_Seva:
Naongezea kwenye za muda. 10 Minute Mail inakupa kikasha cha dakika 10, na kuna kitufe cha kuongeza 10 nyingine. Usiondoke kwenye ukurasa kabla linki haijaingia. Guerrilla Mail hufuta ujumbe baada ya saa 1.

Mailinator ndiyo inayowaponza wengi: vikasha vyake vya bure viko wazi kwa umma, havina nenosiri. Ukichagua "juma", kila atakayeandika "juma" anasoma barua zako. Weka herufi na tarakimu 15 hivi zisizo na mpangilio, na hata hapo usipokelee kitu chenye jina lako, namba ya simu wala msimbo wa kuingilia.

Fomu ikikataa, ujue wenye tovuti wanatumia orodha za domeini za muda, ambazo zinapatikana bure GitHub, tovuti ya watengeneza programu kuhifadhi na kushirikiana kazi zao. Guerrilla Mail ina menyu ya kubadili domeini, mfano sharklasers.com. Zikigoma zote, achana nazo.

Fundi_Nywila:
Kwa akaunti utakayoirudia, mkuu, usitumie ya muda kabisa. Siku ukisahau nenosiri, linki ya kulibadili inakwenda kwenye kikasha kilichokwisha kufutwa, au mbaya zaidi, kilicho wazi.

Tumia anwani ya kupitishia: barua inaingia pale, kisha inaletwa kwenye kikasha chako halisi. Firefox Relay inatoa 5 bure, zinazoishia @mozmail.com. SimpleLogin, iliyo chini ya Proton tangu 2022, inatoa 10 bure. DuckDuckGo inatoa za @duck.com, na inaondoa vifuatiliaji vilivyofichwa kwenye picha (vinavyomjulisha mtumaji kuwa umefungua barua) kabla barua haijakufikia. Kila tovuti ipe anwani yake. Takataka zikianza kuingia, utaona zimepitia ipi, unaizima hiyo moja tu na nyingine zinaendelea.

Wengi hukwama kwenye kujibu. Ndani ya SimpleLogin, ukibonyeza "jibu" barua inatoka kwa anwani ya kupitishia. Lakini ukianza barua mpya kutoka Gmail yako kwenda kwa muuzaji, anaona anwani yako halisi na kazi yote imeharibika. Kwanza mwongeze muuzaji kama mwasiliani chini ya anwani ile, upewe anwani maalumu ya kumwandikia. Na ondoa sahihi yenye namba ya simu chini ya barua; hiyo huwa inasahaulika.

Benki, TRA (mamlaka ya kodi Tanzania), eCitizen (huduma za serikali ya Kenya mtandaoni) na mambo ya hospitali: weka imeili yako halisi. Huko kukosa ujumbe mmoja ni hasara kuliko matangazo 100.

Kisimbo:
Shukrani sana. Na ile ya kuweka alama ya + kwenye Gmail?

Bi_Seva:
Inafanya kazi, ila haifichi chochote. Ukiandika +duka baada ya jina lako, kabla ya @, barua inaingia kikasha kilekile. Faida yake ni kuchuja: fungua mipangilio, nenda kwenye vichujio, unda kipya, sehemu ya "Kwa" weka anwani nzima yenye +duka, kisha chagua kufuta au kuruka kikasha. Baadhi ya fomu hukataa alama hiyo, na watuma barua taka wanaweza kuikata wakabaki na anwani yako tupu. Pia utatakiwa kuikumbuka vilevile ulivyoiandika, maana tovuti nyingi hazitakutambua ukijaribu kuingia bila +duka.