Trai huhifadhi wapi ufunguo, na inafaa lini kuliko jedwali la hashi?

Swali

Habari zenu, wanajukwaa. Ninaandika programu ya kamusi ambayo inapaswa kumpendekezea mtumiaji maneno kadiri anavyochapa herufi, na nimeshauriwa nitumie muundo wa data uitwao trai (trie kwa Kiingereza), unaopanga maneno kama mti wenye matawi ya herufi. Nimesoma maelezo yake, lakini mambo mawili hayajanielea. Inasemekana kila nodi, yaani kila kituo kwenye mti huo, hubeba herufi moja tu. Basi neno zima limehifadhiwa wapi, na programu hujuaje kwamba neno limekamilika? Tena, jedwali la hashi, ambalo hukokotoa namba kutokana na neno ili kujua mahali lilipowekwa, hunipatia neno kwa haraka sana, kwa hiyo sioni trai itaniongezea nini.

Jibu la kwanza

Ndugu, neno zima ni ile njia inayopitwa kutoka kwenye mzizi, yaani nodi ya kuanzia isiyo na herufi, hadi kwenye nodi ya herufi ya mwisho. Chukua maneno kata, kataa, kataza na kati. Yote manne hupita k, a, t, na hapo njia hugawanyika: tawi moja huenda i na kukamilisha kati, jingine huenda a na kukamilisha kata. Chini ya nodi hiyo ya a yapo matawi mengine mawili, moja la a linalotoa kataa, na jingine la z likifuatiwa na a, linalotoa kataza. Ukihesabu, maneno hayo yana herufi 19, lakini nodi ni 8 tu, ukiacha mzizi, kwa sababu mwanzo unaofanana huhifadhiwa mara moja.

Sasa tazama neno kata. Linaishia katikati ya njia ya kataa, kwa hiyo kukosekana kwa matawi hakuwezi kuwa ishara ya mwisho wa neno. Ndiyo maana kila nodi hubeba pia alama inayosema kama kuna ufunguo, yaani neno lililohifadhiwa, unaoishia hapo. Mtu akitafuta kat, atafika kwenye nodi iliyopo kweli, lakini haina alama, basi jibu ni kwamba neno hilo halimo.

Kuhusu hashi, ikiwa unachotaka ni kujua tu kama neno fulani limo au halimo, baki na hashi. Trai hutafuta kwa hatua zinazolingana na urefu wa neno, hata kama kamusi ina maneno milioni moja, lakini hashi nayo hulazimika kusoma herufi zote ili kukokotoa thamani yake, na mara nyingi huwa na kasi zaidi kwa kuwa hairuki kutoka nodi hadi nodi zilizotawanyika katika kumbukumbu. Trai inastahili pale swali linapohusu mwanzo wa ufunguo. Hashi huyatawanya kata na kataa bila kujali kwamba yanafanana, hivyo haiwezi kukuorodheshea maneno yanayoanza na kat bila kuyapitia yote. Katika trai unashuka hatua tatu, kisha unayakusanya yaliyo chini yake, na ukiyapitia matawi kwa mpangilio wa alfabeti, maneno hutoka yakiwa yamepangwa tayari.

Muulizaji

Nashukuru sana, sasa nimeelewa. Je, nikitaka kulifuta neno kata, sitaharibu kataa? Na kumbukumbu itakayotumika je?

Jibu la pili

Ukifuta kata, unaondoa alama tu, kwa kuwa nodi zake bado zinahitajika. Ukifuta kataza, unaondoa alama, kisha unarudi juu ukifuta kila nodi isiyo na alama wala tawi. Utafuta a ya mwisho na z, na kusimama kwenye kata.

Kumbukumbu ndilo tatizo kubwa la trai. Ukiipa kila nodi safu ya vielekezi 26 (anwani za nodi zinazofuata, moja kwa kila herufi a hadi z), na kila kielekezi kikachukua baiti 8, nodi moja itakula baiti 208 kwa ajili ya vielekezi pekee, ambavyo vingi vitakuwa vitupu. Pia safu hiyo itakwama kwenye kibainishi (') cha neno ng'ombe na kwenye herufi kubwa. Mimi ningehifadhi matawi yaliyopo tu, katika orodha fupi iliyopangwa. Njia nyingine ni kuunganisha nodi zenye tawi moja na zisizo na alama, kama alivyofanya Donald R. Morrison katika muundo aliouchapisha mwaka 1968; kwa mfano wetu, kat ingekuwa nodi moja, na za nodi moja, hivyo nodi 8 zingebaki 5.

Jibu la tatu

Naongeza jambo moja linalohusu mapendekezo. Mtumiaji akiwa amechapa herufi moja tu, tawi lililo chini yake linaweza kuwa na maelfu ya maneno, na kuyakusanya yote kila anapobonyeza kitufe ni kupoteza muda. Hifadhi katika kila nodi orodha fupi ya maneno yanayotafutwa zaidi chini yake, uisasishe unapoingiza au kufuta neno. Kumbukumbu itakayotumika itaongezeka, lakini mapendekezo yatapatikana mara tu unapofika kwenye nodi.