Keris ya Diponegoro: ikae makumbusho au irudi kwenye mila yake?

Mleta mada
Mwezi Machi 2020 Uholanzi iliirudishia Indonesia keris, yaani jambia la Kijava, ya Mwanamfalme Diponegoro wa Java, iitwayo Kiai Nogo Siluman, iliyokuwa Ulaya tangu ilipokabidhiwa kwa Mfalme Willem wa Kwanza mwaka 1831. Mwenyewe alikamatwa na Waholanzi mjini Magelang, Java, mwaka 1830 akiwa ameitwa kwenye mazungumzo, na hapo ndipo Vita vya Java, alivyoviongoza dhidi yao, vilipokwisha. Je, jambia lililofuliwa livaliwe kiunoni na kurithishwa limerudi nyumbani kweli, ikiwa limetoka makumbusho ya Leiden, Uholanzi, na kuingia makumbusho ya Jakarta? Mimi naona lingeoshwa kila mwezi wa Sura, ulio wa kwanza katika kalenda ya Kijava, kama zinavyooshwa keris nyingine za urithi.

Abu Swalehe
Ndugu yangu, la makumbusho sina neno. Kilichonichoma ni hilo la kuosha kisu kwa maua na ubani. Muislamu anayetafuta baraka kwenye chuma amekaribia mlango wa shirki, hata kama babu yake alifanya vivyo hivyo. Bora kikae nyuma ya kioo, kitazamwe tu.

Mwana wa Kisiwani
Sheikh, umewahukumu watu kabla ya kuwauliza. Sultan Agung wa Mataram, ufalme wa Kiislamu wa Java, ndiye aliyeiunganisha kalenda ya Kijava na ile ya Hijria mwaka 1633, na Sura ni Muharram hiyo hiyo unayoijua wewe. Diponegoro alipigana kwa kilemba na joho, akiviita vita vyake vya dini, na keris alikuwa nayo. Uislamu ulipoenea, mipini mingi iliyokuwa sanamu za watu na majitu ilichongwa upya kwa maumbo yasiyotambulika kwa urahisi, ilhali Bali ya Wahindu ilibaki na sanamu zake wazi. Waliolipima jambo hili kwa uangalifu kiasi hicho hawahitaji kufundishwa tauhidi na sisi tulio mbali.

Fundi Chuma
Mnabishania ubani, na kazi yenyewe hamjaigusa. Empu, yaani mhunzi wa keris, hufua chuma pamoja na madini yenye nikeli, akikunja tabaka juu ya tabaka, mpaka yatokeze mawimbi na maua yaitwayo pamor; wahunzi wa kasri ya kifalme ya Surakarta, Java, walitumia hata kimondo kilichoanguka karibu na Prambanan. Urembo huo hauonekani mpaka bapa lisuguliwe kwa ndimu, kisha lipakwe aseniki, ambayo hukifanya chuma kuwa cheusi na kuiacha nikeli iking'aa. Baadaye hupakwa mafuta, kwa sababu unyevu wa Java huleta kutu upesi. Makumbusho isiyo na mtu ajuaye kazi hii itahifadhi umbo la keris na kuupoteza uzuri wake, na naamini UNESCO ilipoitambua keris mwaka 2005 iliutukuza ujuzi huo hasa.

Abu Swalehe
Fundi, sina ugomvi na ndimu wala aseniki. Lakini huko Yogyakarta, mji mwingine wa kifalme wa Java, magari ya farasi ya kasri yanapooshwa mwezi huo huo, watu hugombania maji yaliyotumika ili wapate baraka. Hayo nayo ni matunzo?

Mwana wa Kisiwani
Umehamia kwenye magari kwa kuwa kwenye keris umekosa jibu. Anayegombania maji aulizwe yeye, na mhunzi aachiwe heshima yake.

Mleta mada
Tafadhali, turudi Jakarta. Fundi, empu aruhusiwe kuigusa keris hiyo au asiruhusiwe?

Fundi Chuma
Aruhusiwe, lakini si kila mwaka. Aseniki ni sumu, na kila usafishaji hula chuma kidogo. Ndiyo maana keris nyingi za kale zimekuwa nyembamba sana. Ipigwe picha pande zote kwanza, iangaliwe kama ina kutu, na kama haina, apake mafuta tu.