Dawa ya pumzi ya Idi

Kikundi: Ukoo wa Bibi Salma

Mjomba Rajabu: *Imesambazwa* DAWA MPYA!! Watoto waliozaliwa na matatizo ya moyo sasa watakimbia kama wenzao. Mtumie kila mzazi.

Mjomba Rajabu: Mama Idi umeiona? Inaitwa udenafili.

Mama Idi: Shikamoo mjomba. Nimeiona, roho imenidunda. Jana Idi kapanda ngazi, kafika katikati kainama eti anafunga kamba za viatu. Viatu vyenyewe havina kamba.

Shangazi Rehema: Maskini mwanangu 😢

Faraji Mfamasia: Shikamooni. Dawa ipo kweli, ila ujumbe umetiwa chumvi.

Faraji Mfamasia: Waliijaribu kwa vijana 400 wa miaka 12 hadi 18, wote wamefanyiwa upasuaji wa Fontan kama Idi, ule wa kuielekeza damu mapafuni moja kwa moja bila kupitia moyoni. Nusu walipewa dawa, nusu kidonge kitupu, wiki 26. Majibu yalitoka 2019.

Mjomba Rajabu: Wakakimbia?

Faraji Mfamasia: Walipopimwa wakikazana mpaka nguvu ziwaishie, tofauti ilikuwa ndogo mno, huwezi kuapa ni dawa. Kwenye mazoezi ya kadiri ndiko waliomeza dawa walipata nafuu, nayo si kubwa.

Shangazi Rehema: Hiyo "nafili" mbona kama naijua? Si ndugu yake ile ya kina baba? 🙈

Faraji Mfamasia: Ndugu wa damu, shangazi. Zote zinalegeza mishipa.

Mama Idi: Sasa hayo na moyo wa mtoto wapi na wapi?

Faraji Mfamasia: Dada, moyo wa Idi una chumba kimoja tu cha kusukuma, na kazi yake ni kupeleka damu mwilini. Ya kwenda mapafuni inajiendea yenyewe, haina wa kuisukuma. Mishipa ya mapafu ikilegea inapita vizuri. Akitulia humwoni shida, akikimbia mwili unadai damu nyingi na haiji.

Mjomba Rajabu: Basi vile vya wakubwa napajua vinapopatikana. Tumkatie robo.

Faraji Mfamasia: HAPANA mjomba! Presha inaweza kumshuka vibaya. Hata wale wa kwenye jaribio, chini ya macho ya madaktari, wapo walioumwa kichwa na kutokwa damu puani.

Shangazi Rehema: Rajabu, umepajuaje? 😂😂

Mjomba Rajabu: Tusitoke kwenye mada.

Mama Idi: Kwa hiyo niendelee kumkataza kucheza?

Faraji Mfamasia: Wengi wao wanaruhusiwa mazoezi, tena yanawafaa. Hasa ya miguu: vigimbi vikijikaza vinaisukuma damu kurudi juu, na yeye hiyo ndiyo pampu anayoikosa. Ila kiasi gani, aseme daktari wake.

Mama Idi: Kliniki ni Jumanne.

Faraji Mfamasia: Omba kipimo cha baiskeli, kile cha kuvaa barakoa wanapima anavyotumia oksijeni. Kisha uliza aanze na mazoezi gani, na dalili ipi akiiona aache papo hapo. Dawa iulizie mwisho.

Mama Idi: Naandika. Na Idi nitaenda naye, ayasikie mwenyewe.