Jina la nyanya yangu limedundishwa kama mpira mbele ya waombolezaji, na katikati yake wameweka mraba mtupu

Wanajukwaa, ninaandika haya nikiwa bado na udongo wa kaburi kwenye viatu, kwa sababu nikingoja hadi kesho wazee watakuwa wameniambia ninyamaze. Leo mchana tumemzika nyanya yangu huko Seme. Fundi wa video aliyepewa kazi mnamjua nyote, wala sina haja ya kumtaja. Hakuna harusi, mazishi wala harambee kutoka Kondele hadi Bondo ambayo hajasimamisha skrini yake, na gari lake hata mbuzi wa barabarani wanalipisha njia.

Sasa sikilizeni. Wasifu ulikuwa umesomwa, hema lote limetulia, shangazi zangu wamejifunga leso upya, na picha ya nyanya ikatokea kwenye skrini pana kama ukuta wa darasa. Kisha jina lake likaanza kuanguka kutoka juu, herufi moja baada ya nyingine, kila herufi ikidunda mara tatu kama mpira wa watoto, na mahali pa ritifaa, kile kialama cha juu katika ile ng' ya jina lake, pakakaa mraba mtupu. Mraba! Mwanamke aliyelea watoto tisa na wajukuu wasiohesabika, aliyeuza omena hadi akalipa karo za nusu ya kijiji, ameagwa kwa jina lenye tundu katikati.

Mimi pia ninakula kutokana na kazi hii, na mitindo iliyotayarishwa ndani ya programu ninaitumia kila wiki. After Effects, programu ya kutengenezea michoro ya mwendo, huja na mamia ya miondoko ya maandishi, nayo Motion ya Apple, ya kazi hiyo hiyo, ina maktaba nzima ya mitindo ya herufi, mandhari na miondoko, na hakuna aibu yoyote kuichukua. Ila ukishaichukua unaifungua, unatazama kilichomo, unapunguza kasi, unaondoa kile kisichofaa msiba. Yeye hakufungua chochote. Katika After Effects, alama za mwendo za mtindo uliotayarishwa, yaani zile zinazoonyesha mwendo unaanza na kuishia wapi, hupangwa kuanzia pale kiashiria cha muda kilipo wakati unapouweka, kwa hiyo asiyetazama kiashiria chake huanzisha mwendo mahali popote. Ndiyo maana picha ya nyanya iliondoka kabla jina halijamaliza kudunda, na jina likabaki peke yake likidunda juu ya video ya majani mekundu yanayoanguka msituni Ulaya. Seme kuna miembe na mipera, jamani. Nyanya yangu hakuwahi kuuona mti wa majani yale maisha yake yote.

Nilipomfuata nyuma ya jenereta, alinitazama kuanzia viatuni hadi kichwani akasema, "Kijana, huo ndio mtindo wa kisasa, programu imekuja nao." Programu imekuja nao! Na mraba ule, je, umekuja na nani? Ulikaa pale skrini muda wa kutosha mjomba wangu kutoka Homa Bay kuniuliza kwa sauti, mbele ya mchungaji, kama hiyo ni alama ya dhehebu jipya. Ninafumba macho ninauona mraba. Nimetazama dirisha la nyumba ya nyanya jioni hii, nikauona mraba.

Mvuvi wa Dunga
Pole sana kwa msiba, ndugu. Nimemjua kabla sijafika mstari wa tatu. Mwezi uliopita alituletea majani hayo hayo mekundu katika mazishi ya jirani yetu, na mwishoni yakafuata makaratasi ya rangi yanayorushwa hewani, yale ambayo watu huweka kwenye video za siku ya kuzaliwa. Mjane aliinuka akaondoka. Baadaye fundi alieleza kwamba makaratasi hayo yalikuwa ndani ya kiolezo na hakujua jinsi ya kuyatoa.

Kalamu ya Milimani
Ninakupa pole, lakini lazima nikuulize jambo. Wewe mwenyewe unasema unatengeneza michoro ya mwendo kila wiki. Wahenga walisema mganga hajigangi, ila hata mganga akiugua huchagua kwa makini mganga wa kumwita. Ulikuwa wapi wiki nzima hukuomba kuitazama video hiyo kabla ya mazishi? Hapa umeandika aya nne kuhusu mraba ambao ungeuona kwa kuitazama sekunde kumi tu.

Mleta uzi
Wiki nzima nilikuwa mjukuu. Nilikwenda kuchukua mwili, nikatafuta hema, nikapokea wageni usiku. Niliomba kuiona video mara mbili, na mara zote mbili niliambiwa bado inachakatwa. Usinifundishe kuomboleza.

Herufi za Maseno
Ninaomba nieleze chanzo cha mraba huo, kwa sababu utarudi tena katika msiba mwingine. Mraba ni umbo ambalo fonti huonyesha inapokosa herufi iliyoitishwa. Fonti nyingi za mapambo zinazotolewa bure zina herufi za A hadi Z na tarakimu tu, na aliyezichora hakuwaza ritifaa, kwa kuwa alikuwa akichora neno moja la tangazo. Kuna mtego mwingine pia. Ukiandika wasifu katika Word, programu hiyo hugeuza ritifaa iliyonyooka kuwa ile iliyopinda, na kwa kompyuta hizo ni alama mbili tofauti, kwa hiyo fonti inaweza kuwa na moja na kukosa nyingine. Fundi akinakili jina kutoka kwenye wasifu na kulibandika ndani ya kiolezo, mraba unazaliwa. Watu wa uchapaji huuita mraba huo tofu, na Google ilipotengeneza familia ya fonti iitwayo Noto, jina hilo lilitokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya kwamba hakuna tofu tena. Ninaumia kwa sababu ng' si herufi ya pembeni kwetu. Iko katika Kiswahili, iko katika Kijaluo, imo katika majina ya watu tunaowazika.

Bibi Arusi wa Nakuru
Mraba mmoja unakutoa machozi? Katika arusi yangu hapa Nakuru, fundi alibadilisha jina la mume wangu, akasahau langu. Kwa hiyo mbele ya wageni mia tatu, mume wangu aliandikwa vizuri kwa herufi za dhahabu, na kando yake, ndani ya kopa lenye maua, palikuwa na yale maandishi ya mfano ya Kiingereza yanayokuelekeza uweke jina hapo. Mama mkwe wangu hajui Kiingereza, na hadi leo huuliza kama hilo ndilo jina langu la ubatizo. Video imehifadhiwa. Wanangu wataiona.

Mwalimu wa Kwaya, Kakamega
Ninyi mnazungumza juu ya herufi, na muziki je? Kwaya yetu ilirekodi wimbo kwa miezi miwili. Fundi akauweka pembeni, akachukua muziki wa duka la mtandaoni bila kuulipia, na kila baada ya sekunde chache sauti ya mwanamke ilitaja jina la duka hilo juu ya picha za ubatizo. Muziki wa aina hiyo huwekwa sauti hiyo makusudi ili usikilize kwanza kisha ununue. Yeye alisikiliza akatosheka. Waumini wa safu za nyuma waliitikia amina.

Fundi wa Busia
Niruhusuni niwatetee wanaofanya kazi hii, hata kama huyo mnayemsema simtetei. Familia hukuletea picha saa sita za usiku kupitia WhatsApp, zikiwa zimefifia kiasi kwamba marehemu hatofautishwi na mlango. Wasifu hubadilishwa mara nne kabla ya alfajiri. Malipo huja baada ya miezi miwili, yakiwa nusu, nayo yakiambatana na lawama. Bila violezo kazi hiyo haifanyiki kabla jua halijachomoza. Nimewahi kulala juu ya kibodi nikisubiri orodha ya wajukuu, na ilipofika ilikuwa imemwacha mmoja, nikalaumiwa mimi.

Kalamu ya Milimani
Fundi wa Busia, orodha ya wajukuu haina uhusiano na majani ya Ulaya.

Mchoraji wa Ahero
Mimi linaloniuma ni zile fonti za Kiafrika. Ukitengeneza tangazo la mgahawa wa samaki, mteja anataka herufi nene zilizokatwa kama kwa shoka, eti hizo ndizo zenye asili yetu. Fonti hiyo ni Neuland, iliyochorwa na Mjerumani aitwaye Rudolf Koch mwaka 1923. Akikosa hiyo anataka Lithos, ambayo Carol Twombly aliichora Marekani mwaka 1989 kwa kufuata maandishi ya Wagiriki wa kale yaliyochongwa kwenye mawe. Hakuna aliyemwona mvuvi wa ziwa hili akiandika hivyo ubavuni mwa mtumbwi wake. Wachoraji wetu wa magari na mitumbwi wana mikono yao, wana vivuli vyao vya herufi, na mtu huvuka barabara wanakofanyia kazi akaenda kutafuta Uafrika ndani ya programu.

Mvuvi wa Dunga
Mchoraji, hapo umesema. Mtumbwi wa baba yangu una jina lililoandikwa kwa brashi, ritifaa yake kubwa kama ndoano, na mvua ya miaka kumi haijaifuta.

Mama Maziwa
Samahanini kwa kuingilia. Ninatengeneza video fupi ya kutangaza maziwa yangu kwa simu na kompyuta ya binamu yangu, na baada ya kusoma hapa nimegundua kwamba neno ng'ombe lina mraba. Nifanye nini kabla ya siku ya soko?

Herufi za Maseno
Futa ritifaa uliyobandika, uiandike upya kwa kibodi ndani ya programu yenyewe. Mraba ukibaki, badilisha fonti. Jaribu Noto Sans, ni ya bure.

Mama Maziwa
Asante, mwalimu. Mraba umetoka. Ila neno ng'ombe bado linadunda, na nimetafuta pa kulizuia sijapaona.

Mleta uzi
Mama, kama ni After Effects, chagua tabaka la maandishi kisha ubonyeze herufi U. Alama zote za mwendo zitajitokeza kwenye mstari wa muda. Zifute, jina likae palepale.