Mninga kweli au paini iliyopakwa rangi?

Mjenzi wa Buswelu: Wakuu, habari za jioni. Nyumba imefika kwenye sakafu, sasa tumeingia kwenye ubishi wa fenicha. Mama watoto anataka makochi ya kitambaa kinachong'aa. Mimi nataka vitu ambavyo wajukuu watavikuta. Igoma, hapa Mwanza, kuna fundi anauza meza ya mninga. Jirani yake anayo inayofanana kabisa kwa karibu nusu bei, na wote wanaapa. Nitajuaje? Halafu pale pa baraza limetokeza jiwe, linanifika kiunoni. Vijana wanataka walichome moto walipasue. Roho inasita.

Randa Kavu: Mkuu, ipindue meza. Juu kila mtu anapaka rangi, chini wengi hawajisumbui. Paini ni nyepesi, ina vifundo, na ukiikandamiza kwa ukucha inabonyea. Kwenye mninga angalia ukanda mweupe pembeni: hiyo ni sehemu ya nje ya gogo, dumuzi wanaipenda. Moyo wa kahawia ndio wa kununua.

Ila jina la mti lisikuleweshe. Ubao ukianikwa kwa hewa tu, hesabu ya mafundi wa zamani ni kama mwaka mzima kwa kila inchi ya unene. Anayekuuzia mbichi anakuachia kazi ya kuukausha sebuleni kwako, na hapo ndipo maungio yanapoachia. Mninga una heri yake, hausinyai sana. Uliza pia miguu imeungwaje: ulimi umezama kwenye tundu, au ni misumari na maombi? Paini nayo si haramu, kabati la ndani linatosha kabisa, mradi uuziwe kwa jina lake.

Bibi wa Nyegezi: Mwanangu, usimkalishe mkeo kwenye ubao mtupu. Tengenezeni fremu ya mbao, mito iwe ya kutoa, foronya za pamba zenye zipu. Wale wadudu wa ziwani wakishuka kama moshi, utashukuru kuwa na kitu kinachofulika.

Mkerewe Mjini: Na si lazima kila kiti kiwe na mto. Hans Wegner wa Denmark alibuni kiti mwaka 1949, sehemu ya kukalia ni kamba ya karatasi iliyosokotwa, na mpaka leo kinasukwa kwa mkono. Sisi tuna katani. Kisumu wanasukia hata magugu maji yaliyokaushwa, ingawa hayo yakipata unyevu yanaota ukungu.

Jiwe liache! Moto unapasua mwamba kwa kuutanua ghafla, na msingi wako huenda umekalia mwamba huohuo. Nani atauambia ufa uishie wapi? Jenga baraza kulizunguka, upate kiti cha bure.

Mjenzi wa Buswelu: Shikamoo bibi, hoja ya foronya imepita bila kupingwa. Jiwe limesamehewa. Randa, nipake vanishi au mafuta?

Randa Kavu: Mimi mafuta ya kitani, kidogo kidogo, unafuta yanayobaki. Yakikwaruzwa unapaka palepale. Vanishi itakudai msasa upya. Lakini matambara ya kupakia usiyarundike stoo, yanajipasha moto mpaka yanawaka yenyewe. Yatandaze nje moja moja yakauke.